Boti ya faiba imepasuka? Kabla ulaumu mawe ya ziwa, cheki trela kwanza

Hii maneno ya uchumi wa samawati imeshika watu wetu vibaya. Tangu Madaraka Dei ya Juni 1, 2025 ifanyike Homa Bay, na mada ya siku ikiwa hiyo hiyo ya maji na samaki, kila msee mwenye doo kidogo anaongea boti. Mmoja anataka ya kuvua omena, mwingine ya kupeleka wageni Rusinga na Mfangano, mwingine anataka tu picha za kuposti. Na boti inayotakwa siku hizi si ile ya mbao ya kuzibwa na pamba kila msimu. Ni faiba.

Sasa, faiba nyingi hazizaliwi ufuoni. Zinakuja na barabara, zimekalia trela. Zile zinatoka Kisumu zikienda Sori ama Muhuru Bay huko Migori zinapitia Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii. Zile zinatokea upande wa Kisii zikienda Kendu Bay zinakata hapo hapo Oyugis na kuanza kushuka. Kwa hivyo Oyugis, mji usio na hata tone la ziwa, ndio mahali jamaa anasimama kunywa chai na chapo, anazunguka trela akicheki kamba, na huko chini karibu na mkuku anaona laini. Nyembamba kama unywele, ndefu kama kiganja. Anaigusa na kucha. Kucha inaingia.

Kama ni wewe, kitu ya kwanza utaambiwa na kila mtu hapo steji ni, "Omera, paka filla uendelee na safari." Usipake. Kitu ya pili utaambiwa ni kwamba uligonga jiwe. Inawezekana. Lakini kama hiyo boti imekaa juu ya trela siku nyingi kuliko imekaa kwa maji, mshukiwa namba moja ni hicho chuma kimeibeba.

Ngoja nikuonyeshe vile unaweza kujua, vile inatengenezwa, na kwa nini ukiziba ufa bila kugusa trela umetupa pesa.

Soma ufa kwanza

Faiba ni nyuzi za glasi zilizolowekwa kwa rezini zikakauka pamoja. Huko nje kuna ngozi ya rangi inaitwa jelikoti, ambayo haifiki hata milimita 1. Hiyo ngozi haina nguvu yoyote, kazi yake ni kuzuia maji na jua. Nguvu yote iko kwa nyuzi zilizo nyuma yake.

Kwa hivyo swali la kwanza ni kama ufa umeishia kwa ngozi ama umefika kwa nyuzi. Ufa wa ngozi unaweza kungoja. Ufa uliofika kwa nyuzi ni noma, kwa sababu uzi wa glasi ukishakatika hauna tofauti na utambi wa taa: unavuta maji yanaingia polepole kati ya tabaka, na tabaka zinaanza kuachana. Boti inazidi kuwa nzito na hujui kwa nini. Injini inakula mafuta na wewe unalaumu petroli.

Pata kipande cha ncha kali, kwaruza jelikoti kidogo juu ya ufa. Kama laini inapotea, una bahati. Kama laini inaendelea kwa ile rangi ya kijani ama ya maziwa iliyo chini, nyuzi zimeguswa. Halafu ingia ndani ya boti, inua ubao wa sakafu kama unainuka, uangalie upande wa pili wa mahali hapo. Ukiona faiba imekuwa nyeupe kama imepakwa chaki, hapo imevunjika ndani kwa ndani.

Kisha gonga. Chukua mpini wa bisibisi, gonga ukianzia mbali na ufa ukija karibu. Faiba nzima inalia kavu, ta, ta, ta. Iliyoachana inalia bubu, kama unagonga debe lililojaa unga. Pale sauti inabadilika weka alama ya chaki. Karibu kila mara utapata eneo bovu ni kubwa kuliko ufa wenyewe, na hiyo chaki ndio mpaka wa kazi yako.

Sasa kesi yenyewe. Nyufa zikitawanyika kutoka mahali pamoja kama miale ya nyota, kitu kiligonga hapo: jiwe, ama gogo lililojificha chini ya magugu maji. Nyufa zikipangana laini kwa laini zikielekea upande mmoja, hapo hakuna kilichogonga. Faiba imekuwa ikikunjwa, inarudi, inakunjwa, inarudi, hadi ikachoka. Chukua futi. Pima kutoka nyuma kabisa ya boti hadi kwa ufa. Halafu pima kwa trela, kutoka pale mwisho wa boti unakalia hadi kwa rola ama mwisho wa ubao ulio karibu. Namba zikilingana, kesi imeisha.

Kwa nini trela inapasua boti

Boti iliundwa ikae kwa maji. Maji yanabeba kila mahali kwa usawa, hayana kona. Ukiitoa majini ukaiweka juu ya rola nne, uzito wote unashukia vidole vinne.

Piga hesabu. Sema boti na injini na vitu vyake ni kilo 500. Rola ngumu inagusa boti kwa eneo dogo sana, tuseme sentimita 5 kwa 2, hiyo ni sentimita mraba 10. Rola nne ni 40. Kila sentimita mraba inabeba kilo 12 na nusu. Sasa badilisha, ilaze kwa mbao mbili ndefu za mita 2, upana sentimita 10, zikigusa vizuri. Hiyo ni sentimita mraba 4,000, na kila moja inabeba gramu 125. Boti ni ile ile. Tofauti ni mara 100.

Na hiyo ni ikiwa imesimama tu. Ukipita tuta na spidi, uzito unaruka juu kidogo na kurudi chini kwa kishindo. Kati ya Ahero na Kisii kuna matuta ya kutosha, huhitaji mimi nikuhesabie.

Kuna kitu ingine kuhusu trela zetu za jua kali. Nyingi zimeundwa na akseli na springi za pikapu ya zamani. Springi za kubeba tani moja ukiziwekea boti ya kilo 500 hazishuki hata kidogo. Zimekaa tu kama jiwe. Basi kila shimo linapita kwa tairi, linapita kwa springi, linafika moja kwa moja kwa tumbo la boti. Fundi wa springi anaweza kupunguza majani mawili matatu, lakini fanya hivyo tu kama unajua uzito wa boti ikiwa imejaa, si ikiwa tupu.

Halafu injini. Injini ya 40 ina uzito wa kama kilo 70, na inaning'inia nyuma kabisa. Kama mbao za trela zimeishia nusu mita kabla ya mwisho wa boti, hiyo nyuma yote inaelea hewani na injini inaivuta chini safari nzima. Utapata ufa unakatiza tumbo, pale pale mbao zilipoishia. Hii ndiyo makosa naona ni mbaya kuliko zote, na ndiyo rahisi kuiona ukisimama mita tatu kando ya trela ukaangalia.

Usizibe boti ikiwa imelala vibaya

Hapa ndipo mafundi wengi wanachoma. Boti inapigwa faiba ikiwa bado juu ya trela ile ile mbovu, rola imesukuma tumbo ndani sentimita moja. Kiraka kinakauka hivyo hivyo. Umegandisha kilema. Ukiirudisha kwa maji inataka kurudi kwa shepu yake, kiraka kinakataa, na mpasuko mpya unaanza pembeni ya kiraka.

Kwa hivyo kitu ya kwanza ni kuitoa kwa trela. Toa injini kwanza, toa mafuta, toa nanga, toa kila kitu. Tafuta wasee wanane wenye nguvu na tairi kuukuu za magari, kama sita. Tairi ni kitanda kizuri cha boti, zinapinda na kufuata shepu. Jeki iende chini ya mkuku tu, na katikati ya jeki na boti kuwe na ubao mnene. Na usiwahi kuingia chini ya boti iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka matofali ya mbao ama tairi kwanza, ndio uingie.

Kabla ya kuishusha, chukua katoni ya televisheni ama ya friji, kata kwa kisu hadi ifuate V ya tumbo la boti pale ubao wa nyuma wa trela unakaa. Fanya ingine pale mbele. Ziandike "nyuma" na "mbele", ziweke mahali pakavu. Hizo katoni ndizo utampelekea fundi wa kuchomelea, na atafanya kazi kwa trela wakati boti inakauka. Kazi mbili, wiki moja.

Kukata na kukausha

Watu hawapendi hii sehemu kwa sababu inafanya ufa mdogo kuwa kidonda kikubwa. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Kiraka hakishiki kwa sababu ya gundi nyingi. Kinashika kwa sababu ya upana wa mahali kimelala.

Futa eneo lote na asetoni kabla ya grainda, ukitumia kitambaa safi ukigeuza kila mara. Ukianza na grainda, unasukuma mafuta na nta ndani ya faiba. Halafu toboa shimo dogo kila mwisho wa ufa, milimita 3 hivi, ufa usiendelee kutembea. Kisha vaa grainda diski ya msasa wa 36 ama 40, usage kutoka kwa ufa ukienda nje, kama unatengeneza sahani isiyo na kina.

Mteremko unafaa kuwa 12 kwa 1. Maana yake, kama tumbo la boti yako ni nene milimita 6, unasaga milimita 72 kila upande wa ufa, yaani sentimita 7. Ufa wa sentimita 30 unakuwa kidonda cha sentimita 44 kwa 14. Najua inauma kuangalia. Fundi akikuambia atasaga sentimita mbili tu inatosha, mwambie asante, tafuta mwingine.

Vumbi ya glasi si mchezo. Ile barakoa ya kitambaa ya wakati wa korona haisaidii, tafuta ile ya kuchuja vumbi laini, na miwani iliyofunga pembeni. Vaa mikono mirefu. Watoto na kuku wahame hapo.

Sasa kausha. Faiba iliyolowa haishiki rezini, hakuna maombi. Iache kwa jua siku mbili tatu, jioni uifunike mvua isipige. Kabla ulale, bandika karatasi ya nailoni safi juu ya kidonda na tepu pande zote. Asubuhi ukipata matone ndani ya nailoni, bado maji yako humo. Ongeza siku.

Kupiga faiba

Nenda kwa duka ukiwa unajua unachotaka. Boti nyingi ni za rezini ya poliesta. Unaweza kurudia poliesta, ama upande daraja utumie epoksi, ambayo inashika vizuri zaidi kwa boti kuukuu lakini bei iko juu. Ukichagua epoksi kumbuka mambo mawili. Moja, ule mkeka wa nyuzi zilizotawanyika, mati, unashikiliwa na gundi inayoyeyushwa na poliesta. Epoksi haiyeyushi vizuri hiyo gundi, kwa hivyo na epoksi tumia kitambaa kilichofumwa. Mbili, ukishaanza na epoksi usirudi kwa poliesta juu yake, haitashika.

Ile filla ya magari waachie wenye magari. Haina nyuzi ndani kwa hivyo haina nguvu, na inavuta maji. Chini ya maji itavimba itoke, na utakuwa katikati ya Mbita na Mfangano saa tisa mchana, upepo umeamka, watu kumi na tano wanakuangalia wewe.

Tuseme umechagua poliesta na mati ya 450, yaani gramu 450 kwa kila mita mraba. Kila tabaka inakupa karibu milimita 1. Tumbo la milimita 6, tabaka sita. Kidonda chetu cha 44 kwa 14 hakihitaji hata gramu 200 za mati, na rezini ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mati. Nusu kilo ya rezini inamaliza hiyo kazi. Mtu akikuuzia ndoo nzima kwa ufa mmoja, amekuona kutoka mbali.

Hadena, ile chupa imeandikwa MEKP, ndiyo ya kuheshimu. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2. Chukua sindano ya famasi bila ncha: mililita 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za rezini. Jua likiwa kali, karibia 1. Ukipunguza chini ya hapo haitakauka vizuri hata ungoje hadi Krismasi. Ukizidisha, inachemka, inatoa moshi, na inakuwa na ugumu wa biskuti. Changanya kidogo kidogo, una kama dakika 15 hadi 20 kabla igande.

Na hii soma mara mbili. Tone moja la hadena kwa jicho linaweza kukuondolea hilo jicho. Vaa miwani kabla ya kufungua chupa, si baada. Likiingia, mimina maji safi kwa jicho dakika 15 bila kusimama, halafu hospitali, hata kama unaskia poa. Ile ya Rachuonyo iko hapo hapo Oyugis. Na kama rezini yako imekuja na chupa ya tatu, ile ya zambarau ya kobalti, usiwahi kuikutanisha na hadena peke yao. Zinalipuka. Kobalti inaingia kwa rezini kwanza, unakoroga vizuri, ndio hadena ifuate. Makopo yenye mabaki usiyatupe ndani ya nyumba. Yanapata moto yenyewe.

Saa nzuri ya kupiga ni asubuhi kama saa nne, umande umekauka, chini ya kivuli. Huku kwetu mvua inapenda kuja mchana ukienda jioni, na rezini iliyonyeshewa ikiwa mbichi ni hasara. Kwa hivyo usianze saa nane.

Kama shimo limetoboka hadi upande wa pili, weka mgongo: kipande cha katoni ngumu kilichofunikwa nailoni, kisukumwe kutoka ndani na kushikwa na tepu. Paka rezini kwa kidonda. Laza kipande kikubwa kwanza, kinachofika hadi ukingo wa mteremko, halafu vinavyofuata vikipungua. Kuna mafundi wanaanza na kidogo na kumaliza na kikubwa, na watabishana na wewe hadi jioni. Mimi niko upande wa kikubwa kwanza, kwa sababu tabaka inayogusa faiba ya zamani ndiyo inashikilia zote, basi iwe na eneo kubwa.

Usipake rezini kama unapaka ukuta rangi. Gonga-gonga na ncha ya brashi hadi mati ibadilike kutoka nyeupe iwe kama kioo cha maji. Kisha pitisha rola ya chuma yenye mifereji, polepole, ukisukuma hewa itoke. Doa jeupe ni hewa ama ukavu, na hewa ndiyo mlango wa maji. Piga tabaka tatu, simama, acha joto lishuke, halafu tatu zingine. Ukizipiga zote sita mara moja zinaweza kujipika.

Ikishakauka kabisa, piga msasa, paka jelikoti. Jelikoti ya kawaida haikauki juu ikigusana na hewa, inabaki ikinata, kwa hivyo ilaze nailoni juu ama tumia ile imewekewa nta. Ipe boti siku 3 za joto kabla ya kuipandisha kwa trela, na wiki nzima kabla ya maji kama unaweza kungoja. Kucha ikibonyeza kiraka na kuacha alama, bado.

Kitu ingine: kuna watu wanajaribu kiraka kwa kujaza boti maji na mpira wakiangalia kama itavuja. Tafadhali. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Utapasua boti na trela siku moja.

Sasa trela

Wakati boti iko kwa tairi, trela iko kwa welda na zile katoni zako. Mambo ni haya.

Mkuku ndio unafaa kubeba uzito mkubwa. Rola za katikati ama ubao wa katikati zikae kwa laini moja iliyonyooka. Funga uzi kutoka mbele hadi nyuma uone. Rola moja ikiwa juu kuliko wenzake, hiyo ndiyo msumari wako. Rola zilizokauka na kupasuka, ama zisizozunguka, badilisha.

Mbao za pembeni kazi yake ni kuzuia boti isiegemee, zibebe kiasi tu. Ziwe ndefu, zifuate V ya katoni, na zifike hadi mwisho kabisa wa boti, pale injini inafungwa. Ndani ya boti kuna mbavu zinazokwenda kwa urefu. Gonga kutoka nje uzipate, weka chaki, na mbao za trela zikae chini ya hizo mbavu, si katikati ya mbavu mbili ambapo faiba ni nyembamba. Zifunike na zulia kuukuu, na vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao.

Mwambie welda asichomelee vishikio vya mbao moja kwa moja kwa trela. Vifungwe na yubolti ili viweze kupanda na kushuka. Atakuambia kuchomelea ni haraka na ni nguvu. Ni kweli, na ndiyo maana trela yako ya kwanza haingeweza kurekebishwa.

Boti ikirudi juu, legeza yubolti zote za pembeni hadi boti ikalie mkuku peke yake, wasee wawili wakiishikilia isilale upande. Halafu pandisha kila ubao polepole hadi uguse, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Chukua kipande cha karatasi ngumu, jaribu kukipitisha kati ya ubao na boti kuanzia mbele hadi nyuma. Kinafaa kukwama kila mahali kwa usawa. Kikipita mwanya mahali fulani na kukwama kabisa pengine, ubao umepinda ama pembe si sawa. Ukiridhika, kaza, na uweke nati ya pili juu ya ya kwanza.

Kisha uzito wa pua. Sehemu ya trela inayoshikana na gari inafaa kubeba asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Boti na trela zikiwa kilo 800, hiyo ni kilo 40 hadi 80. Ikiwa nyepesi zaidi trela inaanza kucheza densi barabarani ukifika spidi, na densi hiyo inaisha kwa mtaro. Unarekebisha kwa kusogeza ile nguzo ya mbele inayozuia pua ya boti. Lakini ukiisogeza boti mbele sana, angalia nyuma: mbao bado zinafika chini ya injini? Hapo ndipo watu wanatatua moja na kuharibu ingine.

Kamba za kufunga zivute boti chini kwa trela pale nyuma, kushoto na kulia, na mbele moja. Kamba moja iliyopitishwa juu katikati na kukazwa na wasee wawili inabana kuta za boti kila tuta. Na injini kwa safari ndefu, kama unaweza, ibebe kwa gari.

Ukitoka Oyugis, usiende moja kwa moja. Simama baada ya kilomita chache, kaza nati zote tena, kwa sababu mbao mpya na zulia zinakaa chini kidogo na zinalegeza. Zishike pia hapo kati ya gurudumu, uone kama kuna moja limepata moto kuliko lingine.

Kama ni boti ya abiria, ukifika waambie wanaokagua kwamba kuna kiraka na uwaonyeshe kilipo. Kenya Maritime Authority ndio wanasimamia usalama wa vyombo majini, na BMU ya beach yako itauliza pia. Usiwapake rangi juu ukanyamaza.

Mara ya kwanza kwa maji, usibebe mtu. Isukume hadi ielee, kwa kina cha kiuno, ukiwa umefungua ubao wa sakafu. Pangusa ndani ya kiraka kikauke kabisa, bandika karatasi ya tishu hapo, na ukae nayo nusu saa. Tishu ikibaki kavu, endesha mwendo mdogo karibu na ufuo, rudi, iangalie tena. Halafu itoe, ipandishe kwa trela, ilale hapo usiku mmoja, na asubuhi uingie chini na tochi uangalie zile laini za mbao na mkuku. Kama kuna ufa mpya hata wa sentimita moja, usiguse rezini. Shika spana.